Mpira wa Mafuta ya Moto

Msufini, Kibaha
11 Oktoba 1981

Baba Laurentia,

Pokea salamu zangu, uwafikishie wanangu na Mama. Mimi mzima, ila uchovu. Barua hii anakuletea Mwinjuma, dereva wa lori letu la korosho. Mpe maji ya kunywa, na kama una jibu mpe yeye, maana posta siku hizi nayo inangoja petroli kama watu wengine.

Najua nilisema nitakuja mwisho wa mwezi. Sitaweza. Lile bomba la chuma linalojikunja, lililokuja na mitambo tangu kiwanda kinafunguliwa, limepasuka. Hilo ndilo lilikuwa likitoa mafuta ya maganda ya korosho kwenye tangi na kuyapeleka kwenye lori la mnunuzi. Wewe mwenyewe unajua korosho mbichi inavyomchubua mtu midomo akiibangua kwa meno. Sasa chukua mafuta yake hayo hayo, meusi, ya moto kupita ya kukaangia maandazi, yamwagike mguuni. Tangu bomba lipasuke kina Zubeda, wenzangu wa kwenye tangi, wanayahamisha kwa ndoo. Haipiti siku bila mtu kuungua, leo kidole, kesho kifundo.

Meneja wetu, Ndugu Bernard, ameniita. "Mama, wewe ndiye fundi sanifu. Chagua mpira wa kupitishia mafuta kazi iendelee." Nichague nini? Bomba la chuma kama lile linataka fedha za kigeni, na maombi yake yamelala Dar es Salaam. Stoo kuna mpira mweusi wa maji. Nilikata kipande nikakining'iniza ndani ya mafuta ya moto tangu asubuhi. Mchana nilipokitoa kilikuwa kimevimba, laini kama muhogo uliolowekwa. Nilikichana kwa vidole. Kuna mwingine nimeupata gereji moja mjini, mnene, una matabaka ya turubai ndani, ulikuwa wa kusukumia dizeli. Huo mafuta hayauli, ila joto ndilo linaloushinda. Ukipata moto sana unalegea na utando wa ndani unaanza kubanduka. Bado naujaribu.

Mama kikohozi chake kikoje? Usinifiche.

Wako,
Genoveva

*

Shule ya Msingi, Chole
Kisarawe
25 Oktoba 1981

Mama Laurentia,

Barua imefika, na Mwinjuma amekunywa maji, akala na ugali.

Huku tupo. Nafundisha madarasa mawili kwa pamoja kwa sababu Mwalimu Anselmi amehamishwa na aliyetakiwa kuja hajaja. Chaki tunazikata vipande vitatu. Nikirudi nyumbani napika, namwogesha Felician, namsikiliza Laurentia akilalamika kuwa yeye sasa ndiye mama wa nyumba hii. Ana miaka kumi na moja. Nguo nazifua kwa majani ya mpapai, sabuni tumeisikia redioni tu.

Mama anakohoa kidogo. Anakusalimu. Anasema ufanye kazi yako vizuri.

Mimi nitasema lingine. Ni mwezi wa tatu hujakanyaga hapa. Jumapili kigangoni mzee mmoja aliniuliza mbele za watu kama bado tuna ndoa. Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Unaniandikia habari za mpira, umevimba, umelegea, umebanduka. Mke wangu, mpira ni mpira. Chagua mmoja utie sahihi, upande lori uje uwaone wanao. Kiwanda hicho hakikuanza na wewe, na hakitakufa ukiondoka siku mbili.

Sina uchungu. Nimechoka tu.

Mumeo,
Sixtus

*

Msufini, Kibaha
8 Novemba 1981

Baba Laurentia,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaikunja, nikarudi kazini. Sina cha kujitetea.

Mpira nimeuchagua. Nimechukua ule wa turubai. Nilimwendea Ndugu Bernard nikamwambia, "Huu utafaa kwa sharti moja. Mafuta yapoe kwanza ndani ya tangi mpaka mshale wa geji ya joto ushuke chini ya mstari mwekundu niliouchora. Kabla ya hapo mtu asifungue vali."

Akasema, "Yakipoa yanakuwa mazito. Pampu itachukua siku nzima."

"Ichukue."

"Na bila sharti?"

"Bila sharti usinunue."

Akacheka. "Mama Laurentia, unachagua mpira au unapanga mahari?" Lakini alikubali, akaagiza ununuliwe. Nilimwomba alitie sharti hilo kwenye maandishi, libandikwe pale kwenye tangi. Alisema ataangalia. Mpaka leo anaangalia.

Ndoo tumeziweka kando. Kina Zubeda walipiga vigelegele siku ya kwanza. Hilo nalifurahia, nisikudanganye.

Shida ni kwamba lori la mnunuzi linakuja kila Jumamosi, na siku hiyo lazima niwepo. Ndiyo maana siwezi kuja mwisho wa juma. Usinibane sana kwa hili. Nimetuma na Mwinjuma sukari kidogo tuliyogawiwa kiwandani. Nyingine mpe Mama kwenye chai, asikatae.

Genoveva

*

Chole, Kisarawe
29 Novemba 1981

Genoveva,

Leo sikuiti kwa jina la mtoto.

Nilimuuliza Mwinjuma, "Huyu mama Jumamosi anafanya kazi gani hasa ambayo hawezi kumwachia mtu?" Yule bwana si mwongo. Alijikuna kichwa akasema, "Mwalimu, kwa kweli Jumamosi hafanyi kitu. Anasimama tu karibu na tangi tangu asubuhi, mpaka lori linajaa."

Unasimama tu. Mimi hapa nakoka moto wa kuni mbichi huku nasahihisha madaftari, nawe unasimama tu. Kama kuna jambo, niambie. Kama umechoka na sisi, niambie pia. Mimi ni mtu mzima, nitalibeba.

Na sasa nikuambie lililobaki. Mama alinikataza nisiandike. "Usimsumbue mwanangu, ana kazi ya watu." Hivyo ndivyo alivyosema, mwanangu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuzaa. Wiki mbili zilizopita Laurentia alikuwa akitandika kitanda cha bibi yake akakuta kanga imefichwa chini ya godoro. Ina damu. Anakohoa damu, Genoveva, na haikuanza juzi. Mganga wa zahanati anasema apelekwe hospitali kubwa. Mama anakataa kubebwa, anasema akibebwa atafia njiani. Halafu anakuulizia.

Njoo. Sikuombi kwa ajili yangu.

Sixtus

*

Msufini, Kibaha
3 Desemba 1981

Baba Laurentia,

Nakuja Jumamosi. Mwinjuma anaondoka alfajiri na barua hii. Mimi siwezi kuondoka naye kwa sababu kesho lazima nimwelekeze Leodegar, msaidizi wangu, kuhusu tangi.

Hakuna jambo lolote unalolifikiri. Mwinjuma amekuambia kweli, nasimama tu. Acha nikueleze, ingawa ningetamani nikueleze tukiwa tumekaa.

Mpira ule tulionao si wa kazi ile. Ni wa kazi nyingine, nami nimeubembeleza uifanye hii. Unavumilia mafuta yaliyopoa. Yakiwa ya moto sana utapasuka, na utapasukia palipo na mtu, kwa sababu lazima mtu aushike mdomo wake pale juu ya lori. Sasa kila Jumamosi dereva wa lori ana haraka, anasema akichelewa petroli itaisha kituoni. Pampu inaguna kwa uzito. Ndugu Bernard anachungulia dirishani. Leodegar, kijana mwema, ananiangalia usoni. Wote wanangoja nigeuke kidogo, niende nikanywe maji. Nami sigeuki mpaka mshale ushuke. Nikishasimama pale, hakuna anayethubutu kugusa vali. Ndiyo kazi yenyewe. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa utasema niache, na mimi mwenyewe kila Jumamosi najiambia niache.

Ndugu Bernard nimemwomba lori lisijazwe nikiwa sipo. Alitikisa kichwa kukubali. Leodegar ameapa.

Mwambie Mama nakuja. Mwambie aningoje.

Mkeo,
Genoveva

*

Hospitali, wodi ya wanawake
Kibaha
16 Desemba 1981

Dada Genoveva,

Asalaam aleikum. Dada, Mwinjuma ametuambia kwamba Mama mkwe wako amefariki siku tatu baada ya wewe kufika. Pole sana wewe na Mwalimu na watoto. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Angalau alikuona.

Dada, nakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu. Mikono yangu mizima. Ni miguu. Nasema mapema usije ukasikia kwa watu yameongezwa chumvi.

Jumamosi ile uliyoondoka hatukujaza, lori lilirudi tupu. Jumamosi iliyofuata lilikuja limechelewa, na dereva akaja na maneno ya bosi wake, kwamba likirudi tupu tena hatutaliona. Leodegar akasema, "Geji bado iko juu." Meneja akashuka mwenyewe kutoka ofisini. Akasema, "Juu kiasi gani? Mama Laurentia alichora mstari ule kwa woga wa kike. Fungua." Leodegar akasema, "Dada amenikataza." Meneja akamwambia, "Dada yuko msibani. Mimi niko hapa. Fungua, au nitafute mtu wa kufungua."

Akafungua. Mimi nilikuwa juu ya lori nimeshika mdomo wa mpira. Mwanzoni mafuta yalikwenda vizuri, kwa moto ule yalikuwa mepesi hata pampu iliimba, na dereva akasema, "Si mnaona?" Halafu nikauona unalegea pale shingoni, unavimba kama koo la chura. Nikapiga kelele wafunge. Ukapasuka chini ya magoti yangu.

Dada, sitaki kuandika yaliyofuata. Leodegar alipanda juu akanivuta, naye ameungua mikono yote miwili. Daktari anasema miguu haitakatwa. Nimlilie nani? Mama yangu Mwamini amekuja kutoka Mlandizi, analala hapa chini kwenye mkeka.

Jambo la mwisho. Kiwandani wanasema mpira ulioleta ajali ni ule uliochaguliwa na wewe, na kwamba wewe hukuwepo kazini. Kamati itaitishwa. Usikimbilie kuja, una msiba. Lakini ujue.

Mdogo wako,
Zubeda

*

Msufini, Kibaha
3 Januari 1982

Baba Laurentia,

Nilifika salama. Samahani niliondoka kabla msiba haujapoa. Barua ya Zubeda niliiacha mezani. Labda umeisoma.

Nilianzia hospitali. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Miguu imefungwa bendeji mpaka magotini, na harufu ile ya mafuta yetu bado iko pale, hata dawa haziishindi. Nikamwambia, "Zubeda, nisamehe." Akaniambia, "Wewe ulifungua?" Nikasema hapana. "Basi usininyang'anye hasira yangu ukaipeleka kwako." Mama yake alinipa uji nikanywa, mimi mgeni wa mgonjwa.

Kutoka hapo nikaenda kiwandani. Baba Laurentia, sikuamini. Mpira ule ule wamekata pale palipopasuka, wakaunga tena kwa klipu, umelala juu ya sakafu umefungwa tayari. Na kwenye ubao imeandikwa kwamba Jumamosi lori linakuja. Nikamuuliza Ndugu Bernard, "Nani ataushika?"

Akasema, "Tutapanga mtu."

"Mtu gani? Ana jina?"

Akaniambia nikapumzike, nimefiwa.

Nilikwenda karakana nikachukua msumeno wa chuma. Nikaufungua mpira kwenye tangi, nikauburuta uwanjani, nikaukata. Turubai lile gumu, lilinitoa jasho. Watu walitoka wakasimama. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenizuia. Nilikata vipande vifupi, visivyoweza kuungwa na fundi yeyote, hata mimi. Kisha nikarudisha msumeno mahali pake.

Nimesimamishwa kazi kwa kuharibu mali ya umma wakati wa uhaba. Kamati itakaa mwishoni mwa mwezi huu. Mpira nilichagua mimi, sikatai, na watasema hivyo, na mimi sina nguvu tena ya kueleza habari ya joto kwa watu waliokaa kwenye viti. Waandike wanavyotaka. Umeshinda, mume wangu. Nafunga mizigo, nakuja nyumbani kulima. Nilikuwa naisubiri siku ya kukuandikia maneno haya, na leo nimeyaandika sisikii kitu.

Genoveva

*

Chole, Kisarawe
10 Januari 1982

Mama Laurentia,

Usifunge mizigo.

Barua ya Zubeda niliisoma siku ile ile uliyoondoka. Niliisoma mara nyingi. Kisha nikazitoa zako zote, tangu ya Oktoba, nikazisoma kwa mpangilio. Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki kusoma miaka kumi, na barua za mke wangu sikuwa nazisoma. Nilikuwa natafuta ndani yake siku utakayokuja. Nikiikosa, naikunja.

Siandiki haya unihurumie. Nataka nikuambie kwa nini usije. Ukija kabla ya kamati watasema umekimbia. Habari ya mstari ule hakuna atakayeijua isipokuwa Leodegar, na Leodegar ana mke na anamwogopa meneja. Zubeda atabaki peke yake na maneno yake, mwanamke mgonjwa kitandani. Na mwezi ujao watapata mpira mwingine, na mtu mwingine wa kuushika.

Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa. Alinuna, akanipa. Tunakuja sote watatu na lori la Mwinjuma, juu ya magunia. Laurentia ameshakunja nguo za Felician. Nyumba nimemwachia jirani, na kaburi la Mama tumelipalilia. Najua mimi si mfanyakazi wa kiwanda na hawataniruhusu kuingia kwenye kikao. Nitakaa nje na watoto wako. Ukitoka, utatukuta. Na kabla ya siku hiyo nitakwenda kumsalimu huyo Leodegar nyumbani kwake. Sitamgombeza. Nitamuuliza hali ya mikono yake.

Nimeandika pia barua ya kuomba uhamisho, shule yoyote ya Kibaha. Inaweza kukataliwa. Tutaona.

Kula. Najua huli.

Mumeo,
Sixtus

*

Sofu, Kibaha
28 Machi 1982

Zubeda mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama Mwamini hapo Mlandizi. Mwinjuma anasema umeanza kutembea uani kwa fimbo. Nimefurahi, na nimeumia pia kuisikia hiyo fimbo.

Ulitaka nikusimulie kamati, maana ulichosikia ni vipande vipande. Walinihoji asubuhi nzima. Nani alichagua mpira? Mimi. Nani aliukata? Mimi. Ulikuwa wapi siku ya ajali? Msibani. Mwenyekiti alikuwa ameshafunika kalamu yake. Ndipo Leodegar akasimama kule nyuma, mikono yake imefungwa bendeji, akasema, "Dada aliniambia nisifungue. Geji niliiona. Nilifungua kwa sababu niliamriwa, na aliyeniamuru yuko hapa." Ndugu Bernard alitazama dirishani. Halafu barua yako ikasomwa, ile uliyoandika kwa kamati, na mwenyekiti akafunua kalamu.

Usidhani palikuwa na sherehe. Nimerudishwa kazini na onyo la kuharibu mali ya umma, limo kwenye faili langu mpaka nitakapostaafu. Ndugu Bernard amehamishiwa Dar es Salaam, na wengine wanasema amepanda cheo. Madai yako ya fidia bado yanazunguka mezani kwa watu, nayafuata kila Jumatatu, na sitaacha. Leodegar vidole viwili havikunji tena.

Bomba la chuma kutoka nje halikuja, na sidhani litakuja. Mimi na Leodegar tumeunga mabomba ya chuma ya zamani kutoka kwenye tangi mpaka mahali lori linaposimama. Lori sasa ndilo linalolifuata bomba, na hakuna mtu anayeshika kitu. Mafuta yanalala usiku kucha kabla ya kutolewa. Vali ina kufuli, na ufunguo uko kwa mlinzi wa asubuhi, mzee mbishi ambaye hata meneja mpya hamwezi. Madereva wanalalamika, pampu inalalamika. Mafuta yanatoka polepole kama asali ya baridi.

Mwalimu amepata nafasi hapa Sofu. Chumba ni kimoja na paa linavuja, na Felician anamlilia bibi yake kila jioni. Tunagombana kama zamani, juu ya mkaa na juu ya nani kasahau kuchota maji.

Jumamosi iliyopita nililala. Nilijiegesha kidogo tu baada ya chai, nikazinduka jua limeshavuka utosi. Nikaruka, natafuta viatu. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni anasahihisha madaftari, amewatuma watoto mbali wasipige kelele. Nikamwambia, "Lori!"

Akasema, "Lilipita asubuhi limejaa. Rudi ulale."

Nikarudi.

Dada yako,
Genoveva